Ephantus Gitari Kivuti, Mtafuta Majivu wa Kiritiri (1949–2023)

Mchungaji, wazee wa ukoo, wakwe zetu mliotoka Ruiri na Muthara kabla ya jua kuchomoza, majirani na marafiki: mimi ni Njuki, mdogo wake marehemu, niliyemfuata kuzaliwa. Familia ilinipa kazi ya kusoma wasifu huu na nilikataa mara mbili kabla ya kukubali. Karatasi mliyoshika ilichapwa Jumatano mjini Embu. Yangu ina maneno zaidi niliyoongeza kwa kalamu, na kuna mahali nitaiacha karatasi kabisa. Mtanivumilia, kwa sababu kuna jambo lililotokea jana ambalo mchapaji hakuwa nalo.

Marehemu Mzee Ephantus Gitari Kivuti alizaliwa tarehe 9 Juni 1949 hapa hapa nyumbani, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka soko la Kiritiri. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Kivuti wa Nyaga na marehemu mama yetu Wambeti. Wa kwanza, Nyaga, alifariki akiwa mchanga, hivyo Gitari akawa ndiye mkubwa wetu. Jina lake ni la baba mzazi wa mama. Mama alituambia kwamba alichelewa kutembea, si kwa ugonjwa, ila kwa kupenda kukaa chini akichota udongo na kuuonja. Alichapwa kwa tabia hiyo mpaka mama akachoka. Baadaye, alipoanza kulipwa mshahara kwa kuonja udongo, mama alisema fimbo zote zile zilipotea bure.

Alianza shule ya msingi mwaka wa 1958 na kumaliza mwaka wa 1965. Alijiunga na shule ya upili mjini Embu, akasoma mpaka kidato cha pili. Somo lake lilikuwa jiografia. Siku moja alifika nyumbani likizo akatangaza mbele ya watu wote kwamba ule mlima wenye barafu, tunaouona asubuhi hewa ikiwa safi, zamani ulikuwa ukitema moto. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwomba asiyaseme mambo hayo karibu na zizi, mbuzi wasije wakakimbilia Kitui. Baba alifariki Septemba 1967. Gitari aliacha shule akarudi kutulea: mama, mimi, na dada yetu Jedidah aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Sikuwahi kumsikia akilalamika kwa ajili hiyo, na nilikaa naye nyumba moja kwa miaka mingi.

Mwaka wa 1971 alifika Kiritiri Dakta Mwongera, mtaalamu wa miamba, mzaliwa wa Muthara, aliyekuwa akifundisha chuo kikuu huko Nairobi. Alitaka watu wanne wa kuchimba katika korongo moja la huku chini, ambapo mvua ilikuwa imefichua vigae vya vyungu na mawe yaliyochongwa na watu wa kale. Walijitokeza wanaume kumi na wawili. Dakta alimpa kila mmoja mwiko wa fundi na kipande cha ardhi cha upana wa hatua moja, akawaambia wachimbe mpaka saa sita. Ilipofika saa sita wengine walikuwa wamezama magotini, wanatoka jasho, wanangoja kusifiwa. Gitari alikuwa amechimba kina cha kidole, na pembeni yake kulikuwa na kigae kimoja kisicho na mkwaruzo. Aliandikwa kazi siku hiyo. Aliifanya kwa miaka thelathini na mitatu, mpaka alipostaafu mwaka wa 2004.

Wengi mlimjua kama Mzee wa Mashimo, na wengine mliamini anatafuta dhahabu. Alikuwa anatafuta majivu. Alipenda kutueleza hivi, kikombe cha chai mkononi: "Mlima ikitapika, majivu inaanguka Meru na Embu siku ile ile. Haisimami pale mto Thuci kuuliza boundary iko wapi." Majivu hayo hukaa ardhini kama mstari mwembamba, na udongo wa miaka inayofuata hulala juu yake. Kila mlipuko una chembe zake za kioo, ndogo kuliko unga, na maabara huzitambua kama vile sisi tunavyotambua sauti ya mtu kabla hajabisha hodi. Ukikuta mstari huo huo katika mashimo mawili yaliyo mbalimbali, unajua kwamba kilicho chini ya mstari, huku na kule, kililala kabla ya mlipuko, na kilicho juu kililala baadaye. Na mlipuko wenyewe ukishajulikana umri wake, watu wa kale waliokaa pale wanapata tarehe, ingawa hawakuacha hata herufi moja.

Alizunguka na kazi hiyo Baringo, Turkana, na sehemu nyingi za Bonde la Ufa. Alikuwa na kioo kidogo cha kukuzia, alichokining'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu. Akikuta mstari wa kijivu alichukua chembe kidogo, akaisugua kwa dole gumba, akaiweka kati ya meno ya mbele, akafunga macho. Kisha ndipo alipotazama kwa kioo. Kila mfuko wa sampuli aliuandikia mara mbili, karatasi moja ndani na nyingine nje, kwa kuwa hakuamini kamba, wala mvua, wala dereva.

Kuna kisa alichokirudia sana, na naomba mkikumbuke tutakapofika mwisho. Katika shimo moja upande wa Baringo walikuta mifupa ya mtu chini ya mstari wa majivu. Wageni waliokuwa hapo walianza kupiga picha na kukumbatiana, wakihesabu maelfu ya miaka. Gitari alipiga magoti, akapitisha mwiko polepole ukutani, akawaonyesha kwamba juu ya mifupa ile mstari ulikuwa umekatika. Mtu yule alikuwa amechimbiwa kaburi, na waliomzika walipita katikati ya majivu kumlaza chini yake. Hakuwa wa kale kuliko majivu. "Before uulize kitu iko na miaka ngapi," aliwaambia, "uliza imefikaje hapo."

Mwaka wa 1975 alimwoa Beatrice Makandi, binti wa marehemu Mzee Mwirigi na mama Cicily wa Ruiri. Alikutana naye akiwa kazini, kwa maana karibu na Ruiri kuna machimbo ya changarawe yenye tabaka nene la pumisi, lile jiwe jepesi lenye matundu lililorushwa na mlima, ambalo akina mama husugulia visigino. Siku tulipokwenda kuposa, wazee walikuwa wameshaketi na uji umeshamiminwa, bwana harusi haonekani. Nilitumwa kumtafuta. Nilimkuta ndani ya machimbo, suti yake mpya imekuwa nyeupe mpaka kiunoni, anapima tabaka kwa kiganja. Tuliporudi Mzee Mwirigi alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwani. "Huyu amekuja kuoa msichana wangu ama amekuja kuoa changarawe?" aliuliza. Gitari akamjibu kwa adabu kwamba, kama mzee ataruhusu, angependa vyote viwili. Ndoa ilifungwa kanisani Ruiri tarehe 20 Desemba. Mungu aliwabariki na watoto watatu: Alice Wambeti, Kivuti, na Mwirigi.

Sasa nafika mahali pagumu. Kwenye karatasi yenu, ukurasa wa tatu, mmeandikiwa kwamba katika miaka ya themanini "kulitokea tofauti ndogo ya maoni katika familia." Mimi ndiye niliyetaka iandikwe hivyo. Haikuwa ndogo, na leo sitaki kumzika ndugu yangu nikiwa na maneno ya kujificha.

Mwaka wa 1984, mwaka wa ile njaa, Dakta Mwongera alirudi na pesa za utafiti akachimba tena kwenye korongo letu, na Gitari ndiye aliyekuwa msimamizi. Walipata vigae, makaa, mifupa ya mbuzi. Na katika kina cha mita moja na nusu Gitari alipata vipande kumi na kimoja vya pumisi. Akaandika katika daftari: tabaka la pumisi. Vipande vichache vilivunjwa vikapelekwa maabara, na maabara ikasema kwamba ni pumisi ya machimbo ya Ruiri, haina tofauti hata chembe. Kwa hiyo ikaandikwa kwenye majarida kwamba watu wa kale wa Kiritiri na watu wa kale waliopatikana chini ya pumisi ya Ruiri walikuwa wa wakati mmoja, na kwamba ulikuwa wakati wa mbali sana. Gitari alilia aliposoma. Alikuwa ametafutia umri mabonde ya watu wengine kwa miaka kumi na mitatu, na sasa kwao pia palikuwa na umri.

Wakubwa wa serikali walikuja na magari. Waliahidi jumba la mambo ya kale, pamoja na barabara na maji. Walihitaji kiwanja. Mimi nilitoa nusu ekari yangu ya kando ya barabara, hii hii tuliyosimama juu yake. Niling'oa muguka, ile miraa ya kwetu, niliyoipanda kwa mikono yangu, iliyokuwa imeanza kuzaa vizuri, na uzio nikaufungua. Nilikuwa niwe mlinzi wa jumba. Kofia nilishashonewa, na niliivaa sokoni Kiritiri kabla ya tofali la kwanza kufika. Mnaonijua mnakumbuka kofia hiyo, na waliokuwa wakinicheka wako hapa.

Kisha ikaja Jumapili moja ya mwaka wa 1989. Makandi alikuwa ameketi nje akiosha miguu kabla ya kwenda kanisani, anasugua visigino kwa jiwe lake. Gitari alikuwa amesimama mlangoni na Biblia. Alilitazama lile jiwe kwa muda, akaliomba.

"Ngoja nimalize mguu ingine, Baba Alice," Makandi alimwambia. "Kwani litatoroka?"

Alipolipata aliligeuza. Upande mmoja ulikuwa na mavimbe na matundu kama kawaida, na upande wa pili ulikuwa umelika ukawa bapa. Aliingia ndani akatoa mkebe aliokuwa ameweka vile vipande saba vya korongoni vilivyobaki bila kuvunjwa. Akavipanga juu ya benchi. Vyote saba vilikuwa na upande mmoja ulio bapa.

"Mama Alice, hii jiwe ulipewa na nani?"

"Na mama. Na yeye alipewa na mama yake. Kwetu hakuna msichana anaenda kuolewa bila jiwe. Sasa miguu ataosha na nini huko, na mchanga?"

Kanisani hakwenda. Alikaa kwenye benchi mpaka watu wakarudi. Maabara haikuwa imekosea, kwa kuwa jiwe lilikuwa ni lile lile. Aliyekosea alikuwa yeye. Mlima haukuyarusha mawe yale mpaka Kiritiri. Yaliletwa na watu, pengine na wanawake waliokuja kuolewa huku wakiwa na mawe ya kwao kwenye vikapu, na hilo lingeweza kutokea wakati wowote, miaka elfu iliyopita au mia tatu. Aliona mawe kumi na moja akaandika tabaka. Katika shimo la watu wengine asingeandika hivyo. Alisema hivyo yeye mwenyewe, na alisema sababu ilikuwa moja tu: hapa ni kwao.

Mimi nilikuwa mtu wa kwanza kuambiwa, hata kabla ya Dakta. Alikuja jioni hiyo, akanikuta hapa nikipima mahali pa kuweka lango.

"Njuki, ile date si ya kweli. Zile mawe ni za akina mama, si za mlima."

Nilimwuliza ni nani mwingine anajua.

"Mimi najua. Na Makandi."

"Basi nyamazeni nyinyi wawili," nikamwambia. "Jumba likishajengwa utasema vile unataka."

"Na likishajengwa tutaandika nini kwa mlango?"

Nilimwambia aandike chochote. Nilimwambia kwamba ameshiba nchi za watu ndiyo maana anaona rahisi kuvunja za kwao. Nilimwambia pia jambo kuhusu baba yetu ambalo sitalirudia mbele ya watoto. Alikwenda akaandika barua, na Dakta Mwongera akaja kwa gari lake wiki iliyofuata. Walikaa kwenye lile benchi. Dakta alivua kiatu na soksi, akachukua kipande kimoja cha korongoni akakisugua kwenye kisigino chake mwenyewe. Mwishowe akasema, "Gitari, umeniharibia kitu cha miaka tano." Halafu akasema, "But asante. Ningekufa nayo." Masahihisho yalichapwa mwaka uliofuata, na jina la Ephantus G. Kivuti liliandikwa la kwanza, kabla ya la Dakta. Magari hayakurudi. Jumba halikujengwa. Muguka haikurudi pia, kwa sababu mimi kwa hasira sikuipanda tena, na nusu ekari hii imekaa miaka thelathini na minne ikiota nyasi za mbuzi.

Msije mkafikiri tuliacha kusalimiana. Tulisalimiana. Tuliongea juu ya mvua, ndengu, harusi za watoto. Lakini Gitari aliamini kwamba majivu ya kweli yapo mahali fulani hapa kwetu, na kwamba hayako korongoni ambako maji yanabeba kila kitu, ila mahali tambarare ambapo ardhi haijasumbuliwa. Mahali penyewe ni hapa. Aliniomba ruhusa ya kuchimba shimo moja tu, upana wa hatua moja. Aliniomba mwaka wa 1996 nikakataa. Aliniomba mwaka wa 2004 alipostaafu nikakataa. Mwaka wa 2015 alikuja na kuku, kama mtu anayekuja kwa mkwe, nikapokea kuku na kukataa shimo. Alicheka akaniambia, "Sawa, mwenye shamba." Hakununa, na ndiyo maana hasira yangu haikupata pa kuishia.

Katika kustaafu kwake alilima mawele na ndengu, alikuwa mzee wa kanisa kwa vipindi viwili, na alifundisha wanafunzi wengi waliokuja kutoka vyuo vikuu kukaa naye wiki moja au mbili. Aliwapa mwiko na kuwaambia wachimbe mpaka saa sita. Binti yake Alice alichukua njia yake akawa mwalimu wa jiografia huko Muthara, na kioo cha kukuzia alimpa yeye siku alipohitimu.

Afya yake ilianza kudhoofika mwaka wa 2019 kwa shida ya kupumua. Madaktari walisema mapafu yake yamebeba vumbi la miaka mingi. Naye akawauliza kama wanaweza kumwambia ni vumbi la kutoka wapi. Tangu Oktoba mwaka jana alikuwa akiingia na kutoka hospitalini mjini Embu. Makandi hakumwacha hata siku moja, na familia inawashukuru wauguzi waliomhudumia kwa upole.

Nilimtembelea Jumapili ya tarehe 12 mwezi huu. Alikuwa anaongea kwa vipande, anapumzika, anaendelea. "Njuki, mnizike pale wewe utapenda. Usisumbuke." Hakuniomba shimo. Nilikuwa nimekuja na jibu mfukoni, nimelifanyia mazoezi njia nzima kutoka Kiritiri: kwamba achimbe, achimbe mahali popote anapotaka, nami nitamshikia kamba. Nilingoja aulize ndipo nijibu. Hakuuliza, na mimi nikaona aibu kulianza mwenyewe mbele ya wagonjwa wengine, tukaongea juu ya mbuzi. Nikamwambia nitarudi Jumatano. Alifariki Jumanne tarehe 14 Machi 2023, saa kumi na moja asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Najuta. Sina neno lingine la kuweka hapo.

Na hapa ndipo karatasi yenu inapoishia, isipokuwa orodha ya familia. Yanayofuata ni ya jana.

Nilichagua azikwe kwenye nusu ekari hii. Jana asubuhi mwanawe Kivuti na majirani walianza kuchimba, na mimi nikakaa kwenye kiti nikiwasimamia. Walipofika futi nne Kivuti alisimama. Aliweka sururu chini akaniita kwa mkono. Kwenye ukuta wa kaburi, pande zote nne, kulikuwa na mstari wa kijivu, unene wa vidole viwili, umenyooka kama uliopigwa kwa rula, haukukatika popote.

Tulimwita Alice kutoka jikoni. Alikuja na unga mikononi. Alishuka ndani ya kaburi la baba yake, akachukua chembe kidogo, akaisugua kwa dole gumba, akaiweka kati ya meno ya mbele, akafunga macho. Waliokuwa wakipasua kuni waliweka mashoka chini. Kisha akatoa kioo shingoni akatazama kwa muda mrefu.

"Ni glass, baba mdogo," aliniambia. "Imejaa glass, zile chembe za kioo za baba."

Nilimwuliza ni ya mlima gani, ya miaka mingapi. Alikataa kusema. Alisema baba yake asingesema, mpaka maabara isome. Alijaza mifuko miwili, akaandika karatasi nne, mbili ndani na mbili nje. Mifuko hiyo iko mezani pale, karibu na picha ya marehemu, na mnaweza kuiangalia mkipita. Naomba msiifungue.

Jana jioni, kabla sanduku halijafungwa kwa mara ya mwisho, Makandi alitia mkononi mwa mumewe lile jiwe lake la Ruiri. Alice alicheka huku analia. "Mama, utachanganya watu! Mtu akichimba hapa baadaye atasema nini?" Makandi akamjibu, "Huyo mtu atalazimika kutumia akili, kama baba yako."

Kwa hiyo naliweka wazi hapa, mbele ya mchungaji na wazee, liandikwe. Atakayechimba mahali hapa siku moja, hata kama sisi sote tumesahaulika, atakuta mtu amelala chini ya majivu akiwa na jiwe la mbali mkononi. Asikimbilie kuhesabu maelfu ya miaka. Apige magoti kwanza aangalie ukuta, ataona mstari umekatwa. Mtu huyu si wa kale kuliko majivu. Yeye na jiwe lake hawakurushwa hapa na mlima. Walibebwa na mikono ya watu, Ijumaa tarehe 24 Machi 2023.

Marehemu amemwacha mjane wake, Beatrice Makandi, watoto wake Alice Wambeti, Kivuti, na Mwirigi, wajukuu saba, dada yake Jedidah, mama mkwe wake Cicily, mwenye miaka tisini na mitatu, ambaye yuko hapa mbele na ambaye ndiye aliyelitoa jiwe lile nyumbani kwake, Dakta Mwongera, aliyekuja kwa mkongojo kutoka Muthara, na mimi, Njuki, mdogo wake.

Gitari, mwana wa Kivuti, lile shimo uliloniomba mara tatu, nimekuchimbia. Pumzika humo kwa amani.